Uzoefu wangu: kutoka mtumbwi wa wazi kuingia kwenye C1 ya sitaha

Nawaandikia nyie mnaopiga kafi kwenye mito ya maji ya kasi na mtumbwi wa wazi na mmekuwa mkijiuliza kama C1, yani mtumbwi wa mtu mmoja uliofunikwa juu, inafaa au mhamie tu kwenye kayaki. Mimi natumia C1 ya plastiki inayoitwa Dagger Atom tangu joto lilivyoanza, ni ya mkononi, ilishatumika, waliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita kwa hiyo dukani huipati. Jibu langu kwa ufupi: ukitoka kwenye mtumbwi wa wazi, hii ndio hatua yako inayofuata, sio kayaki. Ila magoti yatakoma.

Kwa asiyeijua, ukiiona kwa mbali utasema kayaki. Imefunikwa juu kote, imebaki tundu moja la kuingilia, unavaa sketi ya mpira kiunoni na kuibana kwenye mdomo wa lile tundu maji yasiingie. Ukishaingia ndio unaona sio kayaki kabisa, hukai kitako ukanyoosha miguu, unapiga magoti, makalio juu ya tandiko la sponji, mapaja yamebanwa na mikanda, na kafi ni lile lile la bapa moja. Yani mapigo yote uliyojifunza unaingia nayo, lile la kusahihisha mwendo tezi, yani nyuma ya mtumbwi, isikimbie, lile la kuvusha kafi upande wa pili bila kubadilisha mikono, hakuna kinachopotea.

Mimi napiga kafi kwenye mto Potomac huku Maryland, Marekani, kwenye korongo la Mather chini ya Great Falls. Great Falls yenyewe ni daraja la 5 kwenye kipimo cha ugumu wa maji ya kasi kinachoanzia 1 mpaka 6, ile waachieni wenyewe, ila huku chini maji yakiwa ya kawaida ya kiangazi ni daraja la 2 mpaka la 3, raha tupu. Unapaki Anglers, unavuka mfereji wa zamani wa C&O mtumbwi ukiwa begani, afu unaukwea mto taratibu mpaka Difficult Run, pale unapogawanyika njia tatu, na hapo watu wanashinda wanacheza kwenye mawimbi.

Sasa pale na mtumbwi wa wazi kazi yako kubwa ni maji yanayoingia ndani. Hata ukijaza mabegi ya hewa omo (mbele) na tezi, ile nafasi ya katikati unapokaa wewe inameza maji kila ukipiga wimbi, na lita mia ni kilo mia, mtumbwi unakuwa mzito hausikii, inabidi ukimbilie nyuma ya jiwe, ushike upo, kile chombo cha kuchotea, ufue maji, wengine wanafunga pampu na betri, afu ndio urudi kwenye mkondo. Kwa hiyo unazoea kukwepa mawimbi, unatafuta njia kavu pembeni. Na C1 lile wimbi nililokuwa nalizunguka siku zote naliingia katikati, maji yanapita juu ya sitaha, yananigonga kifuani, yanamwagika, na mtumbwi ni mwepesi vile vile. Hapo ndio nilielewa kwamba mto niliodhani naujua nilikuwa naujua pembeni tu.

Kugeuka nako ni habari nyingine. Ukiwa unaingia kwenye maji tulivu nyuma ya jiwe unalaza ubavu wa ndani kwa nyonga, unachomeka kafi, tezi inazama kidogo chini ya maji na omo inanyanyuka inazunguka pale pale. Mtumbwi wa wazi haufanyi hivyo, una kingo ndefu na tezi imenyanyuka. Na hii ya tezi kuzama ina historia yake hapa hapa, maana kina Jon Lugbill na Davey Hearn, wapiga kafi wa Marekani, walikulia kwenye mto huu, ndio walioanza kupunguza ujazo wa C1 ili tezi ipite chini ya nguzo zinazoning'inia za mageti ya slalomu, yale mashindano ya kupita katikati ya nguzo, badala ya kuzunguka nazo. Mwaka 1979 kwenye mashindano ya dunia kule Jonquière, Kanada, Wamarekani walibeba medali zote tatu za C1, Lugbill akiwa na dhahabu, na akaja kuwa bingwa wa dunia mara tano. Ukipiga kafi pale ukijua hivyo inanoga zaidi.

Ukipinduka, kuinuka ni rahisi kuliko kwenye mtumbwi wa wazi, umbo lina mviringo na ukija juu unakuja mkavu, sio unainuka na bwawa zima ndani. Ila usawa wake ni mwembamba, siku za mwanzo hata kwenye maji yaliyolala utahisi inataka kukutupa, nyonga zinajifunza taratibu. Pia unakaa chini zaidi, kwa hiyo kafi la mtumbwi wa wazi litakuwa refu, tafuta fupi kidogo.

Kuhusu magoti sitawadanganya, yanauma, na miguu inakufa ganzi kwa sababu vifundo vimelala bapa na tandiko liko chini. Niliongeza sponji juu ya tandiko, nikapata nafuu kweli, japo ukiliinua sana unapoteza usawa, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Mwenye goti lililofanyiwa operesheni amuulize daktari wake kwanza.

Kutoka ndani ufanyie mazoezi kwenye maji yaliyotulia, mtu akiwa amesimama pembeni yako: kwanza vuta kile kitanzi cha sketi, afu fungua mikanda, mpaka mikono ifanye yenyewe bila kufikiri. Na kama unanunua ya mkononi kagua pale mikanda ilipofungwa ndani, vuta kwa nguvu zote, afu vaa viatu vyako vya mtoni kabisa upige magoti ndani yake hapo hapo kwenye majani. Soli nene inaweza kunasa chini ya tandiko, na mguu usiotoka haraka nchi kavu hautatoka ukiwa kichwa chini majini, hiyo muachie mwenyewe au ukate sponji kwanza.