Fairbanks House: Nimeichambua nyumba ya miaka ya 1640, paa limebonyea lakini halijaanguka

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo sina simu wala spika, leo nachambua nyumba. Tazameni hapo nyuma yangu: paa limebonyea katikati kama mgongo wa ng'ombe mzee, na ukitafuta pembe iliyonyooka hutaipata. Ndiyo yenyewe, Fairbanks House, mjini Dedham, jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mwenye nyumba wa kwanza ni Jonathan Fairbanks, Mwingereza wa Yorkshire, aliyevuka bahari mwaka 1633 na mkewe Grace na watoto wao. Mkisikia watu wanajisifu kwamba ni nyumba kongwe, msidhani ni porojo. Wataalamu walitoboa boriti, wakatoa vipande vyembamba, wakahesabu pete za ukuaji wa mti, na jibu likaja kwamba miti ilikatwa kati ya 1637 na 1641. Katika nyumba za fremu ya mbao zilizobaki Amerika Kaskazini, hakuna iliyothibitishwa kuwa na umri mkubwa kuliko hii.

Sasa tuingie kwenye ufundi, maana hapa ndipo pesa yenu inapofanya kazi. Boriti ni za mwaloni, nene. Ncha ya moja imechongwa ulimi, nyingine imetobolewa tundu, ulimi unaingia, halafu kigingi cha mbao kinapigiliwa kati. Na kuta? Fito na udongo! Kwa nje wamefunika kwa mbao zilizopandana, lakini ndani yake ni nyumba ya kukandika kabisa. Mimi nilicheka mwenyewe nilipoiona.

Katikati kuna dohani moja kubwa la matofali, vyumba huku na huku. Nyuma wakaongeza kipenu, baadaye wakabandika mabawa mawili ubavuni. Vizazi vinane vya ukoo mmoja viliishi humu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1900, kisha chama cha ukoo huohuo kikaifanya makumbusho. Kinachonivutia ni kwamba hakuna aliyeibomoa ajenge ya kisasa. Sijui niite ubahili au busara, lakini sisi tumefaidi.

Usiondoke kabla hujaoneshwa alama za kinga: maua ya petali sita yaliyochorwa kwa bikari kwenye mbao, ili uovu usipite. Hata viatu vikuukuu vilifichwa ndani ya nyumba kwa imani hiyohiyo. Radi, hata hivyo, haikusoma alama hizo. Mwaka 1892 ilipiga nyumba na kumuua mbwa wa Rebecca Fairbanks, wa mwisho wa ukoo kuishi hapa.

Kasoro? Giza, kwa sababu madirisha ni madogo, na ukiwa mrefu angalia kichwa chako. Kubwa zaidi, kuta hizi ni za ukoo mmoja, zinasimulia ya ukoo huo tu. Ardhi hii ilikuwa ya Wamassachusett, wenyeji wa asili wa hapa, kabla Mwingereza hajapima kiwanja. Jonas, mtoto wa Jonathan, aliuawa huko Lancaster mwaka 1676, kwenye vita kati ya wahamiaji na wenyeji walioongozwa na Metacom, chifu wa kabila la Wawampanoag. Jisomee vita hivyo kwanza, ndipo uje. Utaitazama nyumba kwa jicho jingine.

Na wale wapenzi wa visa vya mauaji: Jason Fairbanks alikuwa anaishi humuhumu. Alinyongwa mwaka 1801 kwa kumuua msichana aliyempenda, Elizabeth Fales.

Mimi naipa tisa kwa kumi, moja nimeikata kwa ajili ya paji langu la uso lililogonga boriti. Hufunguliwa miezi ya joto ya huko tu, kwa hiyo ukija Desemba utaiona kwa nje. Hata hivyo, lile paa peke yake linatosha kukusimamisha barabarani.