Uzoefu wangu na fiziotherapia ya kizunguzungu baada ya mtikisiko wa ubongo

Nyota nne kati ya tano. Kizunguzungu kimeniisha. Kelele bado zinanisumbua, na usahaulifu unaondoka kwa mwendo wake wenyewe.

Watu wazima wengi hupona mtikisiko wa ubongo ndani ya wiki mbili hivi, watoto ndani ya mwezi. Mimi muda huo ulishapita, na bado nikigeuka ghafla chumba kilizunguka, mwanga wa skrini uliniumiza, aya moja ya kusoma ilinimaliza. Picha ya CT, yaani eksirei ya kina ya kichwa, ilitoka safi, basi waliokuwa karibu nami wakaanza kuniona nadeka. Kipimo kile hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Ubongo unaofanya kazi kwa kuchechemea hakiuoni.

Kilichonishawishi ni uchunguzi wa siku ya kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi. Hakuna mashine. Nilifuata kidole cha mtaalamu kwa macho, kichwa kimetulia. Kisha nikageuza kichwa huku na huku nikiwa nimekazia macho herufi ukutani. Akanilaza kwa haraka, kichwa upande, kuona kama vijiwe vya sikio la ndani, chembe ndogo zinazosaidia mwili kujua mizani yake, vimehama. Vikihama huweza kurudishwa kwa kugeuzwa kichwa hatua kwa hatua, na wengine hupata nafuu siku hiyohiyo. Vyangu vilikuwa mahali pake. Shida ilikuwa macho na sikio la ndani kutoelewana, pamoja na shingo iliyokaza, ambayo nayo ilichangia maumivu ya kichwa.

Mazoezi yenyewe yanachusha: herufi ileile, kichwa kushoto, kulia. Tena yanaamsha kizunguzungu makusudi, maana ubongo huzoea upya kwa kuchokozwa kidogo kidogo. Asiyeelezwa hilo mapema ataacha. Kanuni yao ilikuwa hivi: jipe alama ya dalili kati ya sifuri na kumi kabla ya kuanza, alama ikipanda kwa zaidi ya mbili juu ya ile ya mwanzo, simama. Baiskeli ya mazoezi ilikuja baadaye, nikipimwa mapigo ya moyo ili tujue kichwa kinaanza kugonga yakifika wapi, tubaki chini ya hapo. Ule ushauri wa kujifungia gizani mpaka upone umeachwa. Siku moja au mbili za mwanzo unapunguza shughuli, baada ya hapo mwili unaamshwa taratibu. Miwani myeusi ndani ya nyumba nayo nilikatazwa, kwani macho huzidi kuukataa mwanga. Siku ile sikumpenda kabisa yule mtaalamu.

Nyota niliyoinyima? Chumba cha kusubiria kina taa kali na televisheni inayopiga kelele, na wagonjwa wenyewe ndio sisi! Pia hakuna aliyeniuliza kuhusu usingizi wala dawa za maumivu, ilhali dawa hizo zikitumiwa siku nyingi katika mwezi huweza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa.

Kama kinachokusumbua zaidi ni kizunguzungu au macho, nenda. Kama ni huzuni, hasira za ghafla au usingizi, anza kwa daktari. Lakini maumivu yanayozidi, kutapika mfululizo, degedege, kuchanganyikiwa au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ya pili ni dharura; hapo usingoje miadi ya mtu yeyote.