Kufunga msitu au kuwaachia wenyeji?

Mjadala huu hauishi: msitu au malisho yafungwe yawe hifadhi, au yabaki mikononi mwa wanaoyategemea?

Kwa gharama, hifadhi iliyofungwa inakula fedha kila mwezi: askari, magari, kesi. Yellowstone, Marekani, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1872, na kuanzia 1886 hadi 1918 ililindwa na jeshi. Hasara ya Washoshone, wenyeji wa asili, na wenzao waliowinda humo vizazi na vizazi haikuingizwa kwenye hesabu, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa.

Usimamizi wa jamii ni nafuu kwa kuwa jirani anamwona jirani. Kijijini Törbel, milimani Uswisi, kanuni ya 1517 ilimkataza mtu kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Kipimo ni nyasi kavu ulizoweka ghalani, utamdanganya nani? Mwanaikolojia Garrett Hardin alidai mwaka 1968 kwamba mali ya pamoja huishia kuharibiwa. Elinor Ostrom, mshindi wa Nobel ya uchumi 2009, alionyesha kuwa wenye kanuni zao huweza kuitunza.

Ila majangili wenye bunduki hawaogopi kikao cha wazee. Hapo serikali inashinda. Na jamii nazo zina wakubwa wao: mara nyingi mwanamke anayeokota kuni haulizwi.

Mnajuana na mipaka inaeleweka? Simamieni wenyewe. Wanyama wamebaki wachache na soko lao liko ng'ambo? Fungeni, lakini wanaohamishwa walipwe kwanza.