Klabu ya hesabu ya Jumamosi, Area D, Dodoma: binti yangu kapata wenzake

Nimempeleka binti yangu wa darasa la sita Jumamosi nane mfululizo. Ada ni shilingi 5,000 kwa siku, saa tatu hadi saa sita. Mwalimu anazijua hesabu, hilo halina ubishi.

Kilichonirudisha ni mapumziko. Shuleni wanamwita kipanga, na huku kwetu jina hilo lina heshima: wanamfuata awaelekeze maswali. Kengele ikilia, hakuna anayemwita kwenye rede. Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliona hilo karibu miaka 100 iliyopita: kadiri mtoto anavyowazidi wenzake akili, ndivyo anavyokosa wa kucheza naye. Singapore walianza kuwakusanya watoto wa namna hiyo kwenye madarasa yao wenyewe mwaka 1984. Sisi tunazo shule za vipaji, na Msalato iko hapa hapa Dodoma, lakini ni za sekondari. Huyu wa darasa la sita angoje?

Jumamosi ya tatu nilimkuta chini ya mwarobaini na mtoto wa Kihindi na binti wa Kigogo kutoka Chang'ombe, wanabishana kama sifuri ni namba shufwa, midomo imejaa zabibu. Nilimwambia wa bodaboda asubiri. Sikutaka kuwakatiza.

Kasoro zipo: chumba ni kidogo, bati linawaka kuanzia saa tano, choo hakina maji. Na mapumziko ya dakika 15 hayatoshi kabisa, waongeze.