Huduma ya michoro ya ukutani kwa vijana wa mazingira: karakana ya wachoraji, Msasani

Kikundi chetu cha vijana wa mazingira kilihitaji mchoro wa ukutani kuhusu mafuriko ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, nasi tukaikabidhi kazi hiyo karakana moja ya wachoraji iliyoko Msasani. Kilichonivutia zaidi ni kwamba, kabla ya kugusa rangi, wachoraji waliketi na vijana na kuwataka waeleze wenyewe jinsi maji yanavyopanda katika eneo la Jangwani mvua za masika zinapozidi, na jinsi taka za plastiki zinavyoziba mitaro. Simulizi hizo ndizo zilizozaa picha, badala ya dubu wa barafuni aliyezoeleka katika picha za mabadiliko ya tabianchi, ambaye mkazi wa Kigogo hajapata kumwona. Mtindo wao ni wa Tingatinga, ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli, na rangi zake kali huonekana wazi hata kwa abiria aliye ndani ya daladala. Bei ilikuwa ya haki. Maandishi, hata hivyo, ni madogo mno, na ningependa watumie rangi inayostahimili jua, kwa kuwa upande unaopigwa na jua la mchana umeanza kupauka.