Uzoefu Wangu wa Kuzuru Castle Howard, Jumba Lenye Mabawa Yasiyolingana

Kwa mpenzi wa historia ya majengo, tiketi ya kuingia Castle Howard, kilomita zipatazo 25 kaskazini-mashariki mwa York nchini Uingereza, haina hasara, mradi asikimbilie vyumbani. Mimi nilianzia kwenye bustani ya kusini, kwa kuwa huko ndiko kasoro kuu ya jumba inakoonekana waziwazi: bawa la mashariki, lililo upande wa kulia, limejaa mapambo ya kuchongwa, ilhali la magharibi ni refu zaidi, zito, na kavu kidogo.

Mwaka 1699 Charles Howard, Earl (cheo cha kikabaila cha Uingereza) wa tatu wa Carlisle, alimkabidhi kazi ya kulisanifu jumba hilo John Vanbrugh, aliyekuwa mwanajeshi kisha mtunzi wa tamthilia, na ambaye hakuwa amejenga hata nyumba moja. Kilichomwokoa ni kushirikiana na Nicholas Hawksmoor, fundi aliyeiva chini ya msanifu majengo mashuhuri Christopher Wren. Hata hivyo, Vanbrugh alifariki mwaka 1726 na Earl mwaka 1738, bawa la magharibi likiwa bado halijajengwa. Katika miaka ya 1750 mkwe wa Earl, Thomas Robinson, alilijenga kwa mtindo wa Palladio, msanifu majengo wa Italia wa karne ya 16, uliokuwa ukipendwa wakati huo, akiuweka kando mchoro wa Vanbrugh. Kwa maoni yangu bawa hilo si baya. Limeponzwa na jirani yake.

Ndani, Ukumbi Mkuu ndio unaostahili muda wako. Ukisimama chini ya kuba, mwanga unakushukia kutoka madirisha ya juu, na kupitia matao ya pembeni unaona ngazi zenye vizuizi vya chuma zikipanda nyuma ya kuta, kama jukwaa la maigizo. Mkono wa mtunzi wa tamthilia haujifichi. Kuba hilo si la awali. Tarehe 9 Novemba 1940, jumba likiwa limehifadhi shule ya wasichana iliyohamishwa kwa sababu ya vita, moto ulizuka, ukaangusha kuba na kuteketeza vyumba vingi. Mchoro wa Pellegrini, mchoraji wa Italia, uliopamba kuba ulimwonyesha Phaethon, kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeshindwa kuliongoza gari la jua hata akakaribia kuiunguza dunia. Mchoro wa namna hiyo kuangamia kwa moto ni kejeli ambayo hata Vanbrugh asingethubutu kuitunga. Kuba lilijengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Scott Medd akauchora upya mchoro huo.

Usiondoke bila kutembea hadi mahali unapoweza kuliona kaburi la familia, kazi ya Hawksmoor, duara lililozungukwa na nguzo 20 za Kidoriki, yaani za mtindo wa kale wa Kigiriki usio na madoido mengi. Lord Burlington, msanifu majengo wa wakati huo aliyeshika kanuni za Palladio kwa ukali, alilalamika kwamba nguzo hizo zimebanana kupita kiasi. Nililitazama kwa muda mrefu, na bado naona Hawksmoor alikuwa sahihi.