Sanduku la chuma la kunasia risasi: miezi minane ya kulipiga kwa bunduki ya upepo

Nianze na ugoko wangu. Risasi ya tatu niliyopiga kwenye sanduku hili ilinirudia. Haikunitoboa, iliacha tu alama nyekundu kama punje ya dengu juu kidogo ya soksi, lakini nilikuwa nimesimama mita 10 na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba hakuna kinachotoka humo.

Nikalikagua. Bamba la ndani, lenye unene wa milimita 2 na lililolazwa kimshazari, halikuwa na neno. Mkosaji alikuwa mdomo wa sanduku: aliyelikunja ameacha ukingo wa bati umesimama wima, unamtazama mpigaji uso kwa uso. Mimi nikakosa karatasi ya shabaha kwa upana wa kidole, risasi ikagonga ukingo, ikageuza njia.

Hadi siku hiyo nilichokuwa nikiulizia ni unene tu. Nilikuwa na sababu, maana zamani nilitumia kipande cha bati la paa, lile lisilofika nusu milimita, na bunduki yangu ya risasi za kipenyo cha 4.5 mm yenye nguvu ya jouli 16 hivi ililitoboa kama karatasi, kingo za matundu zikachanika kwa nyuma. Kisha nikapata bamba la milimita 1. Halikutoboka, ila kila risasi iliacha kibonyeo, na vibonyeo ndivyo vilivyonitisha. Bamba lililo sawa unajua litarusha vipande upande gani, lakini lililojaa mashimo kama kijiko linarusha linakotaka lenyewe, hata kwako.

Kwa milimita 2 mambo hayo yamekwisha. Nimelipiga kwa yangu, na rafiki amelipiga kwa yake ya 5.5 mm, na ukipapasa bamba kwa kidole husikii shimo, ni madoa ya kijivu tu. Ungekuwa na bunduki ya nguvu kubwa zaidi ningekwambia utafute milimita 3 au zaidi. Risasi ikigonga ule mshazari inabapa, inakuwa kama kifungo cha shati, inaanguka kwenye trei chini. Sehemu hii wameipatia kweli.

Kelele, hata hivyo! Kila mpigo ni kengele. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikalijaza ndani puti, ile laini isiyokauka ambayo mafundi umeme huzibia midomo ya mabomba ya nyaya, unene wa sentimita 5 hivi. Tangu hapo husikia "pu" tu, risasi imezama. Hakuna kinachoruka wala kinachorudi. Ukingo wa mdomo nao nikaufunika kwa mpira wa tairi, na nyuma ya sanduku nikaning'iniza zulia kuukuu lililokunjwa mara mbili. Liache lining'inie kwa ulegevu, usilipigilie ukutani, maana likiyumba ndipo linapoikamata risasi iliyopotea. Ubao mtupu siupendi kwa kazi hiyo. Mara nyingine unairudisha risasi.

Puti nayo ina tabia yake. Ukilenga vizuri, risasi zinarundikana sehemu moja, na baada ya mamia kadhaa zile mpya zinaanza kugonga zilizotangulia. Ukisikia mlio umekuwa mkavu, chukua bisibisi uzichokonoe, kisha ukande puti upya. Mara ya mwisho nilitoa karibu kilo nzima. Nilidhani mizani imeharibika, hadi nilipopiga hesabu: risasi moja ni takribani nusu gramu, na nilishamaliza makopo manne ya risasi 500. Kazi hiyo naifanyia nje, kwa kitambaa kibichi, na nanawa mikono kabla ya kugusa chakula. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa kinachopigwa na kwa madini yenyewe, na lile vumbi la kijivu kwenye trei ni hayo madini. Ni sumu.

Lalamiko langu kubwa ni kwenye boksi, palipoandikwa kwamba linafaa kwa risasi za kila aina. Si kweli hata kidogo. Mgeni mmoja alikuja na bastola ya gololi za chuma, kabla sijaweka puti, akapiga moja tu. Gololi haibapi. Iligonga bamba, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikalia kwenye mlango nyuma yetu. Sote tulikuwa na miwani ya kinga, na bado nilimwomba airudishe bastola yake kwenye mfuko.

Nalipa nyota tatu: chuma nyota tano, mdomo moja, na maandishi ya boksi sina nyota ya kuyapa. Ukilinunua, pitisha kidole kwenye kingo za mbele na utazame kama kuna kichwa cha bolti kinachochungulia ndani. Langu lilikuwa navyo viwili. Nimevifunika kwa puti iliyobaki.